Mradi wa kanzidata chuoni: Excel, Access, SQLite au MySQL? Tulinganishe kwa mfano wa mwalo wa samaki Mwanza

Mwanafunzi wa kompyuta hapa Mwanza ni nadra kumaliza chuo bila kujenga kanzidata. Wengi hukimbilia mfumo wa maktaba au wa usajili wa wanafunzi, kwa sababu mifano yake imezagaa na mtu anaweza kunakili muundo wa mwenzake bila kufikiri. Anayeniuliza mimi humwelekeza ziwani. Mwalo wa samaki, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapotua na kuuza, uwe Kirumba, Igombe, Kayenze au ng'ambo Ukerewe, una mambo yote ambayo mwalimu wa somo hili anataka kuyaona: vyombo, wamiliki, manahodha, mizigo inayotua, wanunuzi, bei inayobadilika kila asubuhi, na karani mwenye daftari. Tena ni kazi ambayo ikifanywa vizuri, kuna mtu ataitumia.

Tukishakubaliana kuhusu mwalo, swali linalofuata huwa lile lile: nitumie programu gani? Jibu ambalo wanafunzi hupeana mabwenini ni XAMPP, kifurushi kinachosakinisha seva ya tovuti na ya kanzidata kwa pamoja, kwa kuwa ndiyo waliyoitumia waliotangulia. Mimi naona swali hilo lijibiwe kwa kuangalia mambo mawili. La kwanza, ni watu wangapi watakaoandika kwenye kanzidata kwa wakati mmoja. La pili, kanzidata itakaa kwenye mashine ipi siku ya kuutetea mradi, na itakaa wapi miezi sita baadaye. Ukiyajua hayo, uchaguzi unakuwa mwepesi, na mara nyingi hauangukii XAMPP.

Kwanza, data yenyewe ikoje

Huwezi kuchagua programu kabla ya kuijua kazi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari la karani. Mstari wa kwanza una tarehe, jina la chombo, jina la nahodha, simu yake, sangara kilo 42, sato kilo 11, mnunuzi, bei na jumla. Mstari wa pili ni chombo kingine: dagaa ndoo 30. Mistari miwili tu, na tayari imeficha mitego ya kutosha kuangusha mradi mzima.

Mtego wa kwanza ni kwamba chombo kimoja kimeleta aina mbili za samaki asubuhi moja. Anayejenga kwa haraka huweka safu wima zinazoitwa samaki_1, samaki_2 na samaki_3. Siku kikitua chombo chenye aina nne, hana pa kuiweka ya nne. Na akitaka jumla ya sato kwa mwezi, lazima aitafute kwenye safu tatu tofauti. Tenganisha. Jedwali la safari liseme chombo gani, kilitoka lini, kilitua lini. Jedwali la mzigo liseme ni wa safari ipi, aina gani, kiasi gani. Safari moja, mizigo mingi.

Pili, kipimo. Sangara na sato wanapimwa kwa kilo. Dagaa wabichi huhesabiwa kwa ndoo, wakavu kwa gunia. Ukiwa na safu moja ya kiasi bila safu ya kipimo pembeni yake, utajumlisha kilo na ndoo, na ripoti itatoka safi kabisa, yenye tarakimu zisizo na maana.

Bei nayo haikai kwenye jedwali la aina ya samaki. Bei ya leo siyo ya jana. Ukiibadilisha pale, mauzo ya mwezi uliopita yanabadilika pia. Iweke kwenye jedwali la mauzo, kama ilivyokuwa pale mzigo ulipouzwa. Na jina la chombo lisiwe ufunguo mkuu (primary key), yaani kinachotambulisha kila mstari, maana hakuna kinachozuia mitumbwi mitatu ya mialo tofauti kuitwa Subira. Kila chombo kipewe namba yake ya ndani ya mfumo. Namba ya usajili iandikwe pia, lakini kwenye safu yake.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya somo hili havitakueleza, kwa kuwa vingi havikuandikwa na watu wanaohesabu saa kama sisi. Karani anaandika "saa 1 asubuhi". Kompyuta inataka 07:00. Ukiandika 01:00 kwa kufuata daftari, mfumo wako utasema chombo kilitua saa saba za usiku. Amua mapema kwamba fomu itamwonyesha karani saa ya Kiswahili, na ndani ya jedwali itahifadhiwa saa ya kompyuta. Halafu nenda kwake umuulize kwa adabu: "Shikamoo mzee. Chombo kikitoka jioni ya tarehe 14 kikatua alfajiri ya tarehe 15, unaandika tarehe ipi?" Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo jambo hilo linatokea kila siku ya kazi. Makarani wawili wanaweza kukupa majibu mawili. Ndiyo maana jedwali la safari lina muda wa kutoka na muda wa kutua, siyo tarehe moja. Na ukichora grafu ya dagaa ukaona inashuka na kupanda kila mwezi, usidhani umekosea. Mbalamwezi ikiwa kali, wavuvi wengi wa dagaa hupumzika mpaka giza lirudi.

Mwisho wa hesabu unapata majedwali saba: mmiliki, chombo, safari, aina, mzigo, mnunuzi, mauzo. Wazo la kugawanya hivi, na kuunganisha majedwali kwa thamani zilizomo ndani yake, lilitoka kwa Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, katika makala aliyoichapisha mwaka 1970. Mchoro wa ERD, unaoonyesha majedwali na uhusiano wake, mnaouchora darasani ulikuja mwaka 1976, kutoka kwa Peter Chen. Chora wako kwenye karatasi, kwa penseli, mpaka ukurasa mzima wa daftari la karani uweze kuingia bila kubaki kitu. Programu zote nitakazozilinganisha hapa chini zinapimwa kwa jambo hilo: zinayalindaje majedwali haya saba?

Excel

Iko karibu kwenye kila kompyuta, hata ya steshenari. Ukurasa wake mmoja unabeba mistari 1,048,576, na mwalo wako hautaijaza leo wala mwakani. Ukubwa siyo tatizo.

Tatizo ni kwamba Excel haijui kuwa mzigo lazima uwe wa safari iliyopo. Ukifuta safari, mizigo yake inabaki inaelea. Inakuruhusu uandike Sato hapa, sato pale, na satto kule kwa karani aliyechoka, kisha jumla inagawanyika. Jaribu hili sasa hivi: andika namba ya simu inayoanza na 0 kwenye seli ya kawaida, bonyeza Enter. Sifuri imeondoka, kwa sababu Excel imeidhani ni hesabu. Wavuvi wako wote wamepoteza tarakimu ya kwanza ya simu. Andika 3/4 na itageuka tarehe. Iwe tarehe 3 Aprili au 4 Machi, inategemea mipangilio ya kompyuta husika.

Waliowahi kuumia siyo wanafunzi tu. Mwaka 2020 Uingereza, wakati wa korona, majibu 15,841 ya waliokutwa na virusi yalichelewa kuingia kwenye takwimu kwa sababu yalikuwa yakipitishwa kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yaliachwa nje.

Itumie Excel kukusanya data ya mwanzo na kuchora grafu za ripoti. Usiikabidhi kama kanzidata.

Access

Access ipo tangu 1992 na ina sifa moja ambayo programu nyingine hapa hazina: fomu, ripoti na majedwali viko pamoja. Unachora uhusiano kwa kipanya, unaweka tiki moja, na tangu hapo hakuna anayeweza kumfuta mmiliki ambaye bado ana vyombo. Risiti ya kuchapa unaitengeneza mchana mmoja. Kwa mwanafunzi wa diploma ambaye mtaala wake unaitaja, na mwalo wenye kompyuta moja ya Windows ofisini, ni chaguo la heshima.

Mipaka yake iko wazi. Faili haliwezi kuzidi GB 2. Ni ya Windows peke yake. Haiji na kila kifurushi cha Office, kwa hiyo unaweza kufika kwenye maabara ukakuta Word na Excel zipo na yenyewe haipo. Simu haiifungui. Na faili lake likishirikiwa na kompyuta kadhaa kwenye mtandao unaokatikakatika, linaharibika kwa urahisi. Kama mtaala haukulazimishi, pita.

SQLite na MySQL: uchaguzi wenyewe uko hapa

Hizi mbili zote ni za bure, zote zinaelewa SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru kanzidata, na hoja (query) kama hii inafanya kazi kwenye zote bila kubadilisha herufi:

SELECT chombo.jina, SUM(mzigo.kiasi)
FROM mzigo
JOIN safari ON safari.id = mzigo.safari_id
JOIN chombo ON chombo.id = safari.chombo_id
WHERE mzigo.kipimo = 'kilo'
GROUP BY chombo.id;

Kufanana huko ndiko kunakowafanya wanafunzi waseme ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja.

MySQL ni seva. Ni programu inayojitegemea, inayokaa ikisubiri, kwa kawaida kwenye mlango (port) namba 3306, na anayetaka kitu anaiomba kwa jina na neno la siri. Ilizaliwa Sweden mwaka 1995, ikanunuliwa na kampuni ya Sun mwaka 2008, kisha kampuni ya Oracle ikainunua Sun yenyewe mwaka 2010. Mwanzilishi wake mmoja, Michael Widenius, alishatoka na kuanzisha tawi lake mwaka 2009, MariaDB. Hili si hadithi ya pembeni tu. XAMPP ya miaka hii hubeba MariaDB, ingawa kitufe chake bado kimeandikwa MySQL. Endesha SELECT VERSION(). Uone mwenyewe, na kwenye ripoti andika kile unachokiona. Mjumbe wa jopo anayejua kazi yake atakuuliza.

SQLite haina seva. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000 na akaiachia iwe mali ya umma, haina leseni ya kuomba. Ni kipande kidogo cha programu kinachoingia ndani ya programu yako, na kanzidata nzima ni faili moja, tuseme mwalo.db. Imo ndani ya simu za Android. Python inakuja nayo tayari. Ukitaka kuitazama kwa kipanya, kuna DB Browser for SQLite, nayo ya bure.

Sasa fikiria siku ya kuutetea mradi. Mwenye SQLite ananakili folda yake kwenye flashi, anafungua kwenye kompyuta yoyote yenye Python, na kila alichokiingiza jana usiku kipo. Mwenye XAMPP anahitaji kompyuta yenye XAMPP, mlango 3306 usiwe umeshikwa na programu nyingine, na data aihamishe kwa kutoa faili la .sql kupitia phpMyAdmin, ukurasa wa kuisimamia MySQL kwenye kivinjari, kisha aliingize upya. Wapo wanaonakili folda ya mwalo kutoka ndani ya mysql/data wakidhani wamehamisha kila kitu. Wakifika kule majedwali yanaonekana kwenye orodha, lakini wakiyafungua wanaambiwa hayapo, kwa sababu sehemu ya taarifa za InnoDB, injini ya MySQL inayohifadhi majedwali, imebaki kwenye faili la ibdata1 nje ya folda ile. Nimeona mwanafunzi mwenye kazi nzuri akiishiwa nguvu mbele ya jopo kwa jambo hilo hilo, na liliniuma, kwa kuwa muundo wake ulikuwa bora kuliko wa wenzake wote siku hiyo.

Kwa upande wa waandishi, mambo yanageuka. SQLite huruhusu wasomaji wengi lakini mwandishi mmoja kwa wakati. Kwa mwalo wenye mizani moja na karani mmoja hilo halionekani kabisa, kwa kuwa kuandika mstari mmoja kunaisha kwa kufumba na kufumbua. Lakini mwalo mkubwa una mizani kadhaa, na dirisha la ushuru, na mhasibu ndani. Kila mmoja akiwa na kompyuta yake, usijaribu kuwashirikisha faili la SQLite kupitia folda ya mtandao. Watengenezaji wake wenyewe wanaonya kwamba kufuli za faili kwenye mitandao ya namna hiyo haziaminiki, na faili linaweza kuharibika. Hapo chukua MySQL au MariaDB bila kusita. Seva ilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Ulinzi wa data ndio unaowashangaza wengi. SQLite hailindi ufunguo wa nje (foreign key), yaani safu inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali jingine, mpaka uiamuru, tena kila unapofungua muunganisho upya:

PRAGMA foreign_keys = ON;

Usipoandika mstari huo, itakubali mzigo wa safari namba 900 hata kama safari zako ni 12. Vilevile, safu uliyoitangaza kuwa ya namba itapokea maneno "kilo 42" bila kulalamika, na ukija kujumlisha, mstari huo utahesabiwa kuwa sifuri. Tangu mwaka 2021, toleo la 3.37, unaweza kumaliza tatizo hili la pili kwa kuongeza neno STRICT mwishoni mwa amri ya kuunda jedwali. Liongeze.

MySQL inasifiwa kuwa kali zaidi, na kweli hali ya ukali ndiyo ya kawaida tangu toleo la 5.7. Lakini usiamini tu, hasa kwenye XAMPP, ambako mipangilio hutofautiana: endesha SELECT @@sql_mode, na uhakikishe STRICT_TRANS_TABLES imo. Majedwali yawe ya InnoDB, maana aina ya zamani ya MyISAM inaupokea ufunguo wa nje na kuupuuza. Na kama chuo bado kina MySQL ya zamani kuliko 8.0.16 ya mwaka 2019, sharti kama CHECK (kiasi > 0) litaandikwa, litakubaliwa, na halitafanya lolote. Kwa hiyo, kwenye programu zote mbili, jaribu kuivunja kanzidata yako mwenyewe kabla jopo halijaivunja: ingiza mzigo wa safari isiyokuwepo, ingiza kiasi cha kilo hasi 5, ingiza neno mahali pa namba. Piga picha za makosa yanayotokea uziweke kwenye ripoti. Ukurasa huo mmoja unamshawishi msimamizi kuliko kurasa kumi za nadharia.

Herufi kubwa na ndogo nazo zina visa vyake. Kwa kawaida MySQL huona 'Sato' na 'sato' kuwa sawa. SQLite huona ni vitu viwili. Majina ya majedwali ni kinyume chake: SQLite haijali, ila MySQL kwenye Windows haijali na kwenye Linux inajali. Mwanafunzi anayeandika Mzigo mahali pengine na mzigo mahali pengine hataona shida kwenye laptopu yake ya Windows, mpaka apandishe mfumo kwenye seva ya Linux aambiwe jedwali halipo. Andika majina yote kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza.

Umeme ukikatika katikati ya kuandika, zote mbili ziko salama. SQLite na InnoDB zote huhakikisha muamala (transaction), yaani kundi la amri zinazoandikwa pamoja, unaingia wote au hauingii kabisa. Hakikisha tu umeweka mauzo na mizigo yake ndani ya muamala mmoja, ili usiamke ukute mauzo yapo na mzigo haupo.

Kisha kuna faragha, ambayo wanafunzi wengi hawaigusi na wanapaswa kuigusa. Jedwali lako lina majina na simu za watu halisi na kipato chao cha kila siku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za wavuvi zinahusika kama za mtu mwingine yeyote. MySQL inakupa watumiaji na ruhusa: karani aandike mzigo, mhasibu asome mauzo, asiruhusiwe kufuta. Ila ukiisakinisha kupitia XAMPP, mtumiaji mkuu root anakuja bila neno la siri, na hapo ruhusa zote ni mapambo mpaka ulibadilishe hilo. SQLite haina watumiaji kabisa. Aliye na faili ana kila kitu, na faili linaingia kwenye flashi. Kwa maonyesho chuoni tunga majina na namba za kubuni. Data halisi ibaki mwaloni.

Kwa anayependa kuona vyote kwa pamoja:

| Jambo | Excel | Access | SQLite | MySQL / MariaDB |
|---|---|---|---|---|
| Gharama | kwa Office | kwa Office | bure | bure |
| Inafanya kazi wapi | karibu kote | Windows tu | karibu kote, hata simu | kompyuta yenye seva |
| Waandishi kwa wakati mmoja | mmoja, kwa usalama | wachache | mmoja | wengi |
| Ufunguo wa nje | hakuna | ndiyo, kwa tiki | ndiyo, ukiuwasha | ndiyo, kwa InnoDB |
| Watumiaji na ruhusa | hakuna za maana | kidogo | hakuna | ndiyo |
| Kuhamisha | nakili faili | nakili faili | nakili faili | toa .sql, ingiza upya |
| Fomu na ripoti | unachora mwenyewe | zimo ndani | uandike programu | uandike programu |

PostgreSQL sikuiweka kwenye jedwali kwa sababu kwa mradi wa kwanza wengi hawaihitaji. Ni kali kuliko zote hizi na ni ya bure. Lakini kama mradi wako unahusu ramani, mfano maeneo ya kuvulia au umbali wa visiwa na masoko, katika ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 ambalo nusu yake hivi iko Tanzania, basi PostgreSQL na nyongeza yake ya PostGIS ndiyo njia, na huna haja ya kupoteza muda kwingine.

Ningechaguaje

Mwalo mdogo, mizani moja, laptopu moja au simu ya karani, mradi wa mtu mmoja au wawili: SQLite. Nalisema hili nikijua kwamba baadhi ya wasimamizi wataiona ndogo. Waonyeshe majedwali saba, ufunguo wa nje uliowashwa, STRICT, na majaribio yako ya kuivunja. Ukubwa wa seva hauongezi chochote kwenye muundo mbovu, na muundo mzuri unaonekana hata ndani ya faili moja.

Mwalo wenye mizani nyingi, au mfumo ambao mmiliki aliyeko Nyakato ataufungua kwenye kivinjari kuona chombo chake kimeleta nini leo: MariaDB au MySQL, na bajeti ya muda ya kujifunza kuisimamia. Muda huo ni mwingi kuliko unavyodhani. Uutenge mwanzoni, maana wiki ya mwisho haina nafasi.

Na kama hujui mwalo utakua kiasi gani, anza na SQLite, kwa sharti kwamba uandike SQL ya kawaida ili uweze kuhama. Mambo yatakayokusumbua ni machache. SQLite haina aina maalumu ya tarehe, kwa hiyo hifadhi muda kama maandishi ya mtindo wa 2025-03-15 05:20, mwaka kwanza. MySQL itaupokea vivyo hivyo kwenye safu ya DATETIME, na hata kupanga kwa alfabeti kutakuwa kupanga kwa tarehe. Ufunguo mkuu kwenye SQLite uandike INTEGER PRIMARY KEY na utajijaza wenyewe. Ukihamia MySQL ongeza AUTO_INCREMENT. Fedha ziandike kwa shilingi nzima kama namba kamili, usitumie desimali, na hapo hakuna kitakachobadilika. Simu iwe maandishi pande zote mbili. Jedwali la aina ya samaki lijaze kabla ya mengine, sangara, sato, dagaa, furu na wengine watakaotajwa na karani, kwa sababu jedwali la mzigo halitakubali samaki ambaye bado hajaandikwa pale.